Nguzo ya Tofali Yenye Nondo: Jinsi ya Kukokotoa Mkazo wa Mgandamizo

Mtu ameshasimamisha nguzo ya tofali mbele ya nyumba, ameteremsha nondo nne kwenye matundu, amemwaga zege, kisha ndipo anauliza: hii itabeba ghorofa? Mwanafunzi wa ufundi naye anauliza lile lile kwa lugha ya darasani: mzigo nagawa kwa eneo lipi, la nguzo nzima au la tofali tu? Maswali haya hayaishi, na jibu lake halihitaji kompyuta. Kalamu, kikokotoo cha simu na nusu saa vinatosha.

Nikwambie mapema: hesabu yenyewe ni nyepesi, ni kugawanya tu. Wanaokosea hukosea eneo. Wanaingiza kwenye hesabu eneo ambalo halipo kwenye nguzo: tundu lisilojazwa, plasta, mota iliyokwanguliwa, nondo isiyofungwa ringi (vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo). Kwa hiyo nitakaa sana kwenye eneo, na mengine nitayapita haraka.

Jambo moja la kisheria kabla hatujaanza. Hesabu hii itakusaidia kuelewa na kukagua kazi. Mchoro wa jengo la ghorofa bado unatakiwa upitiwe na kusainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, Tanzania na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), Kenya na Bodi ya Wahandisi ya huko. Hesabu yako isiwe sababu ya kumkwepa.

Tunatumia kanuni zipi?

Ninatumia njia ya mkazo unaoruhusiwa, iliyomo kwenye kanuni za Marekani za ujenzi wa uashi, TMS 402. Wengi wetu tumesomea BS 5628 ya Uingereza, ambayo iliondolewa mwaka 2010 na nafasi yake kuchukuliwa na Eurocode 6, kanuni za Ulaya. Hizo mbili huongeza mzigo kwanza kwa vizidisho vya usalama, kisha hupunguza nguvu ya tofali. Njia ya mkazo unaoruhusiwa huacha mzigo kama ulivyo na kuuweka usalama wote upande wa nguvu. Nimeichagua kwa sababu ina fomula ya moja kwa moja ya nguzo ya tofali yenye nondo, na inakokotoleka kwa mkono.

Angalizo: usichanganye. Anayechukua mzigo aliokwisha kuuzidisha kwa 1.4 na 1.6 za BS, au 1.35 na 1.5 za Eurocode, halafu akaulinganisha na uwezo wa fomula iliyo hapa chini, ameweka usalama mara mbili na atajenga nguzo kubwa bila sababu. Anayefanya kinyume chake, yaani mzigo usiozidishwa dhidi ya nguvu ya Eurocode, amejitafutia balaa.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Mchoro unaoonyesha nguzo inabeba nini: slabu, bimu, ukuta, paa.
- Vipimo halisi vya nguzo kwa futi kamba. Vipimo vya kwenye risiti ya tofali havitoshi.
- Kipenyo cha nondo, idadi yake, na kipenyo na umbali wa ringi.
- Nguvu ya uashi, tutakayoiita f'm. Hii ni nguvu ya tofali, mota na zege la kujazia vikiwa pamoja. Nguvu ya tofali peke yake ni kitu kingine.
- Urefu wa nguzo kutoka inaposhikwa chini hadi inaposhikwa juu.

Hiyo f'm ndiyo huwatoa watu jasho. Njia ya uhakika ni kujenga vipande vya majaribio, angalau vitatu, kila kimoja cha tofali mbili au zaidi kwenda juu, kwa mota ile ile na zege lile lile la kazini, kisha kuvipeleka maabara ya vifaa vya ujenzi vikavunjwe vikifikisha siku 28. Wamarekani hufuata utaratibu wa ASTM C1314. Tofali za kununua kando ya barabara hazina namba yoyote ya kuaminika hadi zipimwe, na muuzaji akikwambia "hizi ni ngumu sana, bosi," hiyo bado si namba.

Vipimo vyote tuviweke kwenye milimita na niutoni. N/mm² moja ni sawa na MPa moja. Tani moja ya uzito ni takriban kN 10 (kwa usahihi 9.81).

Mfano tutakaofanya

Nguzo ya baraza la nyumba ya ghorofa moja, yenye chumba juu yake. Imejengwa kwa tofali zenye matundu za 390 × 190 × 190 mm. Kila mstari una tofali mbili ubavu kwa ubavu na mota ya milimita 10 katikati, na mstari unaofuata umegeuzwa ili viungo visilingane. Upana ni 190 + 10 + 190, yaani 390. Nguzo ni mraba wa 390 × 390 mm, ina matundu manne, kila tundu lina nondo moja ya mm 16, na matundu yote yamejazwa zege. Ringi ni za mm 8. Urefu kutoka juu ya msingi hadi chini ya bimu ni mita 3.2. Vipande vya majaribio vimetoa f'm ya 10 N/mm².

Hatua ya 1: Kusanya mzigo

Nguzo hii inahudumia eneo la mita 4 kwa 4, yaani m² 16. Kila kinachokaa juu yake kinahesabiwa:

- Slabu ya mm 150: 0.15 × 25 = 3.75 kN/m². Sakafu na plasta ya chini 1.25. Watu na samani 2.0. Jumla 7.0 × 16 = kN 112.
- Bimu za 230 × 300 mm chini ya slabu, jumla ya mita 8: 0.23 × 0.30 × 25 × 8 = kN 13.8.
- Ukuta wa chumba cha juu, mita 4 kwa urefu wa 2.8, tofali za inchi 6 zilizopigwa plasta pande zote, takriban 3.5 kN/m²: kN 39.2.
- Paa la mabati, kenchi na dari, tukikadiria 1.0 kN/m²: kN 16.
- Nguzo yenyewe: 0.39 × 0.39 × 3.2 × 22 = kN 10.7.

Jumla ni kN 191.7. Tuseme P = kN 192, karibu tani 20.

Angalizo: uzito wa ukuta wa juu ndio husahaulika kuliko vyote. Mtu anahesabu slabu vizuri, anasahau kwamba juu ya bimu kuna mita nne za ukuta. Tangi la maji nalo: lita 2,000 ni tani mbili kamili, na mara nyingi huwekwa baada ya mchoro kukamilika, tena juu ya kona.

Hatua ya 2: Tafuta eneo halisi

Hapa usiwe na haraka. Eneo tunalolitaka ni lile linalobeba kweli, tuliite An.

Anza na kipimo halisi. Tofali ya "400" ni 390. Zile milimita 10 ni za mota. Ukipiga 400 × 400 unapata mm² 160,000, lakini 390 × 390 ni mm² 152,100. Umejizawadia asilimia tano isiyokuwepo.

Kisha uliza kama matundu yamejaa. Yakijaa yote, An ni eneo lote la nje, mm² 152,100. Yasipojaa, ondoa kila kilicho wazi. Tofali yenye matundu huwa karibu nusu yake ni hewa, kwa hiyo nguzo yetu isiyojazwa ingekuwa na takriban mm² 76,000 tu, na mkazo ule ule ungepanda mara mbili. Zaidi ya hapo, nondo iliyosimama kwenye tundu tupu haibebi chochote. Imesimama tu mle ndani.

Kujaa kunatakiwa kuonekana kwa macho. Zege la kujazia liwe laini kiasi cha kutiririka, si lile gumu la slabu. Fundi akimwaga kutoka juu mita tatu kwa mkupuo mmoja bila kushindilia, zege hukwama kwenye mota iliyochomoza ndani ya tundu, na chini yake panabaki pango. Acha tofali moja ya chini iwe na dirisha dogo upande wa ndani. Kupitia hapo unasafisha mota iliyodondoka, na wakati wa kumwaga unaona zege limefika. Zege lisipotokeza pale dirishani, tundu hilo lisiingie kwenye hesabu.

Mwisho, toa vya kujipamba. Plasta haihesabiwi hata iwe ya sentimita mbili. Na kama viungo vimekwanguliwa ndani ili nguzo ipendeze, punguza kina hicho kila upande: kukwangua milimita 10 pande zote kunaleta 370 × 370 = mm² 136,900, pungufu ya asilimia kumi.

Mfano wetu umejaa wote na viungo vimesawazishwa usoni, kwa hiyo An = mm² 152,100.

Hatua ya 3: Eneo la nondo, na masharti yake

Nondo moja ya mm 16 ina mm² 201. Nne ni mm² 804; eneo hili la nondo zote tuliite As. Za kukumbuka: mm 10 ni 79, mm 12 ni 113, mm 20 ni 314.

Pima nondo yako. Kata kipande cha mita moja ukipime uzito: kipenyo mara kipenyo, gawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Ya mm 16 inatakiwa iwe kilo 1.58. Ikija 1.39, ni nondo ya mm 15 iliyovaa jina la 16, na eneo lake ni mm² 177, pungufu ya asilimia 12.

Sasa masharti. TMS 402 inataka nguzo iwe na nondo zisizopungua nne, na eneo lake liwe kati ya asilimia 0.25 na asilimia 4 ya An. Yetu: 804 ÷ 152,100 = 0.53%. Imepita.

Ringi: umbali usizidi kipimo kidogo kabisa kati ya hivi vitatu:

- mara 16 ya kipenyo cha nondo ya wima: 16 × 16 = mm 256
- mara 48 ya kipenyo cha ringi: 48 × 8 = mm 384
- upande mfupi wa nguzo: mm 390

Kidogo ni 256. Kila mstari wa tofali una kimo cha mm 200 pamoja na mota, hivyo weka ringi kila mstari. Kwa nguzo yetu fundi atachonga mifereji midogo kwenye kuta za matundu ili ringi ya mm 8 ilale ndani ya zege na kuzizunguka nondo zote nne. Ni kazi ya kuudhi, na hapo ndipo mafundi huruka mstari mmoja, halafu miwili. Simama pale.

Kwa nini ringi ni muhimu hivyo? Nondo ndefu nyembamba ikigandamizwa hukimbilia kupinda nje na kuibandua ganda la tofali. Kanuni inasema wazi: bila ringi zinazotimiza masharti, nondo hesabu yake ni sifuri kwenye mgandamizo.

Hatua ya 4: Mkazo halisi

Njia fupi ni kugawa mzigo kwa eneo la uashi:

fa = P ÷ An = 192,000 ÷ 152,100 = 1.26 N/mm²

Kwa kazi nyingi za nyumba hii inatosha, na iko upande wa usalama kwa sababu imepuuza msaada wa nondo.

Ukitaka kujua tofali inabeba kiasi gani na nondo kiasi gani, tumia uwiano wa ugumu, n. Ugumu wa chuma ni 200,000 N/mm². Ugumu wa uashi wa tofali za saruji ni 900 × f'm, yaani 9,000 kwetu (tofali za kuchoma ni 700 × f'm). Hivyo n = 200,000 ÷ 9,000 = 22.2.

Eneo sawia = An + (n − 1) × As = 152,100 + 21.2 × 804 = mm² 169,145

Mkazo wa uashi = 192,000 ÷ 169,145 = 1.14 N/mm²

Mkazo wa nondo = 22.2 × 1.14 = takriban 25 N/mm²

Hakiki: uashi unabeba karibu kN 172 na nondo karibu kN 20, jumla inarudi 192. Umeona nondo zinavyobeba kidogo kwenye nguzo isiyoelemewa? Wengi hudhani nondo ndiyo nguzo na tofali ni mapambo. Ni kinyume.

Angalizo: tunaweka (n − 1), si n, kwa sababu An ilishajumlisha sehemu iliyokaliwa na nondo.

Hatua ya 5: Wembamba wa nguzo

Nguzo ndefu nyembamba hupinda kabla haijapondeka. Tafuta r, kipimo cha jinsi umbo la nguzo linavyokataa kupinda; h ni urefu wa nguzo. Kwa umbo la mraba au mstatili, r ni upande mfupi gawa kwa 3.46: 390 ÷ 3.46 = mm 112.6.

h ÷ r = 3,200 ÷ 112.6 = 28.4

Ikiwa haizidi 99, kipunguzo ni 1 − (h ÷ 140r)². Ikizidi 99, tumia (70r ÷ h)². Fomula zote mbili zinakutana pale pale kwenye 99, ambapo nguzo imepoteza nusu ya uwezo wake.

Kwetu: 28.4 ÷ 140 = 0.203, kipeo chake cha pili 0.041, kipunguzo 0.959.

Angalizo: h si urefu wa futi kamba siku zote. Nguzo ya banda la gari inayobeba kenchi tu, bila slabu wala mkanda unaoizuia isiyumbe juu, h yake ni mara mbili. Nguzo yetu ikiwa hivyo, h ni 6,400, h ÷ r inakuwa 56.8 na kipunguzo kinashuka hadi 0.835. Na kama nguzo ni 390 × 190, upande wa kutumia ni 190, hata kama ukiisimama mbele unaiona pana.

Hatua ya 6: Mzigo unaoruhusiwa

Pa = (0.25 × f'm × An + 0.65 × As × Fs) × kipunguzo

Fs ni mkazo unaoruhusiwa kwenye nondo. Kwa nondo za daraja la 420 N/mm² kwenda juu, matoleo ya TMS 402 kabla ya 2011 yaliishia 165 N/mm². Kuanzia 2011 yanaruhusu takriban 220. Mimi nabaki na 165, kwa sababu nondo zinazofika site hazilingani kila mara na lebo zake.

Sehemu ya uashi: 0.25 × 10 × 152,100 = N 380,250

Sehemu ya nondo: 0.65 × 804 × 165 = N 86,229

Jumla N 466,479 × 0.959 = takriban kN 447

Mzigo wetu ni kN 192. Nguzo inatumia asilimia 43 ya uwezo wake. Kwa lugha ya mkazo, wastani unaoruhusiwa ni 447,000 ÷ 152,100 = 2.94 N/mm², na wetu ni 1.26.

Ile 0.25 imeshabeba usalama ndani yake. Usiongeze mwingine wa kwako.

Hatua ya 7: Mzigo usiokaa katikati

Hakuna mzigo unaokaa katikati kabisa, na kanuni inalijua hilo: nguzo ikaguliwe kana kwamba mzigo umehama angalau asilimia 10 ya upande. Kwetu ni mm 39.

Nguvu ya kupinda: 192 × 0.039 = 7.49 kNm

Kipimo cha umbo: 390³ ÷ 6 = mm³ 9,886,500

Mkazo wa kupinda: 7,490,000 ÷ 9,886,500 = 0.76 N/mm²

Upande unaoelemewa: 1.26 + 0.76 = 2.02. Kikomo cha matoleo mapya ni 0.45 × f'm = 4.5. Imepita. Upande wa pili: 1.26 − 0.76 = 0.50, bado ni mgandamizo, hakuna mvutano.

Mpaka wa kukumbuka ni upande gawa kwa sita, hapa mm 65. Mzigo ukihama zaidi ya hapo, upande mmoja wa nguzo unaanza kuvutwa na hesabu hii nyepesi haikufai tena. Hilo hutokea kirahisi kuliko unavyodhani. Bimu inayofika kwenye nguzo ya mwisho ikalazwa milimita 190 tu kutoka ukingo wa ndani, mzigo wake umekaa mm 95 kutoka ukingoni, yaani mm 100 kutoka katikati. Ipitishe bimu hadi ukingo wa nje.

Hatua ya 8: Badilisha namba moja, uone

Usifunge daftari ukishapata "imepita". Chukua nguzo hii hii, f'm ishuke kutoka 10 hadi 4, kama tofali ni za kukaukia juani bila kumwagiwa maji:

(0.25 × 4 × 152,100 + 86,229) × 0.959 = kN 228.6

Bado inazidi 192, na mtu angefurahi. Sasa ondoa ringi, maana fundi aliruka mistari. Nondo ni sifuri: 152,100 × 0.959 = kN 146. Nguzo imeshindwa. Hata ringi zikiwepo, rudi hatua ya 7: kikomo ni 0.45 × 4 = 1.8, na kwa eneo la uashi pekee tunacho 2.02. Ukihesabu msaada wa nondo mkazo unashuka hadi kama 1.6 na inapita kwa shida, yaani usalama wa nyumba nzima umening'inia kwenye ringi ambazo hakuna anayeziona. Nguzo hiyo mimi siijengi.

Jibu likigoma

*Mkazo umekuja 1,262 au 0.00126.* Umechanganya vipimo. Ya kwanza ni kN/m², gawa kwa 1,000. Ya pili umegawa kN kwa mm², zidisha kwa 1,000. Mkazo wa nguzo ya nyumba ya kawaida huangukia kati ya 0.3 na 3 N/mm². Ukiona namba iliyo mbali na hapo, tafuta kosa kabla ya kutafuta maana.

*Pa ni ndogo kuliko P. Niongeze nondo?* Jaribu kwanza mambo mengine. Kwenye mfano wetu, kutoka nondo za mm 16 kwenda mm 20 kunaongeza takriban kN 47. Kupandisha f'm kutoka 10 hadi 12, kwa tofali bora na kuzimwagilia ipasavyo, kunaongeza kN 73. Kupanua nguzo kunaongeza zaidi ya vyote. Nondo ndiyo njia ya gharama kubwa ya kupata kidogo.

*Nina nguvu ya tofali tu, sina f'm.* Usiiingize kama ilivyo. Nguvu ya uashi huwa chini ya ile ya tofali, kwa sababu mota ni laini na viungo ni vingi. Eurocode 6 ina fomula ya kuunganisha tofali na mota, K × fb^0.7 × fm^0.3 (fb ni nguvu ya tofali, fm ni ya mota, si f'm yetu, na K ni namba ya aina ya tofali), lakini jibu lake ni nguvu bainifu ya mfumo wa Eurocode, na tofali zenye matundu zina K yake. Usiipachike kwenye fomula ya hatua ya 6. Vunja vipande vya majaribio.

*Nguzo ipo tayari, sijui kama ringi zipo.* Hesabu mara mbili: yenye nondo, na ya As ikiwa sifuri. Ikipita bila nondo, endelea. Isipopita, ita mwenye kifaa cha kusoma chuma ndani ya zege, au fungua plasta na ganda la tofali moja kwenye kiungo uone.

*Ni tofali za kuchoma.* Fomula ni zile zile, badili 900 iwe 700 kwenye ugumu. Pima upana nguzo ikiwa imesimama, kwa sababu tofali za tanuru hazilingani, na utumie upana mdogo kabisa ulioupata.

*Hesabu imepita lakini nguzo ina ufa wa wima.* Acha hesabu. Ufa wa wima unaopita katikati ya tofali, si kwenye mota tu, ndivyo uashi unavyopasuka ukielemewa. Weka jeki na mbao nzito chini ya bimu pande zote mbili za nguzo, juu ya ubao mpana usiozama ardhini, hamisha watu na vitu vilivyo juu yake, toa maji ya tangi kama lipo, kisha ita mhandisi kabla hujagusa plasta.